Kichaka Kinachonuka Ua la Mwingine

"Usiniambie limechipuka lenyewe, Faki! Tawi si upele!"

"Na upele nao, Bi Salhina, hupandwa na nani?"

"Mmeuona mdomo wake? Mtu kaniingilia kichakani kwangu, nikimuuliza ananiletea mizaha ya kijiweni."

"Nani kakuingilia? Niingie kufuata nini kwenye kichaka kisichonuka?"

"Hakinuki kwako. Pua yako ishazoea mitaro."

Nilikuwa katikati yao, maana baraza yangu ndiyo iliyo katikati yao: Salhina kuume, Faki kushoto, na mimi Kidawa hapa kati kama nyama ndani ya sambusa. Ningeweza kuingia ndani nikafunga mlango. Lakini ugomvi wa majirani sijawahi kuusikiliza dirishani. Hiyo ni tabia ya watu wa heshima, na watu wa heshima ndio wanaojua mambo yote halafu wakaapa hawakusikia. Nikaburura kigoda changu nje, nikakaa, nikawaambia, "Semeni pole pole, msirukiane. Wengine tunafuatilia."

Kilichowagombanisha kilikuwa tawi. Kichaka cha Salhina, kilichosimama mlangoni pake kwenye chungu cha kufinyangwa, kilikuwa na majani yaliyochongeka kama vidole, kila jani limezungukwa na utepe mweupe pembezoni, weupe wa kigonjwa, wa mtu aliyelala sana. Na katikati ya weupe huo, asubuhi hiyo, limesimama tawi nene la kijani. Kijani mpaka ukingoni. Kijani cha kijinga, cha afya, kisichojua kama kimekuja msibani. Limewapita wenzake wote kwa urefu, na bado lilikuwa likitazama juu.

Mngeliona mngecheka. Salhina hakuwa akicheka. Alikuwa ameikaza kanga kiunoni.

Nikuelezeni, maana nyinyi hamkai mtaa huu, na heri yenu. Kwetu kila mlango una kichaka chake, na kichaka ndicho jina la nyumba. Wenye vitalu huko wanakokujua wao hukiita jeraniamu. Ni kichaka tu. Majani yenye manyoya, ua dogo la waridi lililokunjika ambalo hata nyuki hulifikiria mara mbili. Ukipita mbali nacho huna habari nacho. Hakinuki mpaka ukiumize: ulifikiche jani baina ya vidole, ulivunje mgongo, hapo ndipo kinapokupa harufu yake. Na harufu hiyo si yake. Ni ya ua la waridi.

Waridi lenyewe hatujawahi kuliona. Hakuna. Mtaa wetu hauna mwisho unaojulikana. Ukienda mbele sana unatokea nyuma ya nyumba yako, jikoni, na watu wako wanakuuliza umeleta nini. Ndani ya mzunguko huo waridi halimo. Wapo wanaoapa babu yao aliliona. Ukiwauliza lilikuwa na rangi gani, wanakumbuka kwamba wameacha kitu motoni. Basi watu wazima, wenye ndevu na wenye meno ya dhahabu, wanaamka asubuhi na kushindana nani anakaribia zaidi kunuka kama kitu ambacho hakuna aliyekinusa. Na mshindi anatamba! Anatembea katikati ya njia mikono nyuma! Nimewaangalia hawa watu umri wangu wote na sijui nicheke kwa upande gani wa mdomo.

Wamezipanga aina kama watu wanavyopangwa kwenye karamu ya mchoyo. Chini kabisa ni kichaka cha kijani kitupu, kile chenye harufu kali ya waridi lenyewe, na ndicho wanachokiita cha chini, ajabu yao, kwa sababu kinanuka sana. Juu yake wapo wa Ndimu, majani madogo yaliyojikunja kama wenyewe walivyo. Juu yao wa Nanaa, wanaozungumza taratibu. Juu yao wa Kungumanga, ambao wakikualika kwao unakunywa chai kwenye kikombe kisichojaa. Na juu ya wote, peke yao, wa Mpaka Mweupe. Hawa kichaka chao hakinuki karibu chochote. Muulize Salhina kwa nini, atakwambia, "Harufu ya heshima haisikiki." Nimemsikia kwa masikio yangu akimwambia hivyo mtu aliyefika kuposa.

Mimi je? Mimi kichaka changu kiko kwenye debe la mafuta, kirefu, kimepinda, kina vijiti vikavu chini na nywele juu kama mzee aliyeamshwa usingizini. Majani yake nayatia kwenye sukari, kwenye maandazi, na kwenye maji ya kunawa wageni, na wageni wangu hawaishi. Sijakipogoa hata mara moja. Hilo linahitaji maelezo, nalo ndilo linalofanya nijue ninayoyajua.

Huku kwetu miaka haipiti. Inapogolewa. Kikifika kipindi, mtu hutoka na kisu mlangoni pake, akakata kichaka chake mpaka kwenye magoti, na yeye mwenyewe papo hapo hurudi alipokuwa. Makunyanzi yanaondoka, kikohozi kinaondoka, na pamoja navyo yanaondoka aliyoyaona tangu alipokata mara ya mwisho. Anasimama na kisu mkononi, mbichi, mjinga, anauliza leo siku gani. Salhina nimemwona akiwa bibi kizee wa fimbo na nimemwona akiwa mwari, na katika umri wote huo hajapata kuninong'oneza jambo la maana. Faki amekuwa na mvi nikamzoea, kisha nikamkuta na nywele nyeusi akiniamkia shikamoo kana kwamba hatukuwahi kuchekana. Ugomvi huu wao nimeusikia tayari. Sauti zilikuwa nyingine, matusi ni haya haya. Mimi peke yangu sikati, kwa hiyo mimi peke yangu nazeeka, na sisi tunaozeeka ndio ghala la mtaa. Watu hawalipendi ghala. Wanapenda kilichomo.

Swali langu ni moja, na nimelibeba mpaka limenivunja bega. Aina zetu hizi bora hazina mbegu ya maana. Zote hukatwa. Unakata kijitawi, unakichomeka mchangani, kikishika mizizi unasema umepata kichaka kipya. Kipya kwa nani? Yule si mtoto. Yule ni yuleyule, kasimama mahali pengine. Sasa aliyebaki kwenye chungu cha zamani na aliyekwenda kwenye chungu kipya, nani ndiye? Cha zamani kikifa, kuna aliyekufa? Na kama vichaka vyote vya mtaa huu vilikatwa kimoja kwa kingine, nyuma na nyuma na nyuma, basi hawa wanaodharauliana mlango kwa mlango wanamdharau nani? Swali hili nililiuliza msibani nikaambiwa nitoke nje. Nikatoka. Nje nako nikawauliza wachimba kaburi. Mmoja alinitazama akasema, "Bi Kidawa, shika jembe au shika njia."

Kwa nini hakuna anayejua kilikatwa kwa nani? Kwa sababu ya adabu zetu. Tawi la jeraniamu kwetu haliombwi, na halitolewi. Likitolewa kwa mkono na likapokelewa kwa asante, husemwa vichaka vyote viwili hukauka, cha mtoaji na cha mpokeaji. Tawi huibwa. Wewe unayelitaka unapita mlangoni kwa mtu, unasalimia, unasifu hali ya hewa. Mwenye kichaka akikupenda anageuka akatazama ukuta na kukohoa. Kikohozi hicho ndicho ruhusa. Unavunja haraka, unatia kifuani, unaaga. Wewe hujaiba kitu, yeye hajatoa kitu. Kila kilichopo mtaani mwetu kimeibwa kwa heshima, na hakuna mtu mwenye haki ya kusema, hiki chako kilitoka kwangu. Akisema tu, ameviua vyote viwili. Watu werevu sana. Wamejitungia adabu inayowafanya wote wawe yatima.

Sasa mnaelewa kwa nini Faki alikuwa akijibu kwa mizaha tu. Kwani jibu lake lilikuwepo, na halikuweza kutamkwa.

Nalikumbuka mimi. Hapo kale, kabla ya visu vingi, kichaka cha Faki, cha kijani kitupu kama kilivyo leo, kilitoa kijitawi kimoja chenye ugonjwa. Majani yake yaliingia weupe pembezoni. Faki aliona haya, akakigeuzia ukutani kama mtu anavyoficha kiatu kilichotoboka. Salhina alikuwa mgeni mtaani, hana kichaka, hana jina, anakaa kwenye nyumba isiyosalimiwa. Akapita, akasifu hali ya hewa. Faki akakohoa kwa shauku, nadhani, mtu anafurahi kuondolewa aibu. Salhina akakipanda. Mnusaji, yule afisa anayenusa vichaka na kuvipa vyeo, alipopita kukagua hakujua akiite nini, na Mnusaji hawezi kusema sijui. Akakiweka juu ya vyote. Ndiyo hadithi yote ya ukoo mtukufu wa Mpaka Mweupe: kilema cha jirani pamoja na afisa aliyeona haya kuuliza.

Na kilema hicho, leo, kimechoka kuwa kilema. Tawi limerudi kwao. Hakuna aliyelipanda.

"Ulikuja hapa," Salhina alikuwa akisema, kidole puani kwa Faki, "ukachana gome la kichaka changu ukachomeka uchafu wako, ili Mnusaji akija leo akute kimeharibika, mlango wangu ugeuzwe, wewe ubaki na upande huu wote na kivuli chake. Niambie uongo."

"Uongo."

"Mshenzi!"

"Ulisema nikwambie."

Nikacheka. Salhina akanigeukia. "Na wewe Kidawa, kicheko hicho kipeleke kwenye debe lako."

"Debe langu limeshiba vicheko, shoga. Endeleeni."

Lakini kicheko chenyewe kilikauka, maana alikuwa ametaja mlango. Mtaani kwetu mtu ambaye kichaka chake kimepoteza aina yake hapigwi na hafukuzwi. Mlango wake hugeuzwa tu. Mafundi waashi huuziba ule wa mbele kwa matofali, wakatoboa mwingine ukuta wa nyuma, unaotazama Bondeni. Na Bondeni hakuna mtaa, kuna migongo ya nyumba. Mwaona ni jambo dogo? Mtu hupigiwa hodi mlangoni. Asiye na mlango wa kupigiwa hodi haitwi jina. Nilikuwa na jirani hapa, Nargisi, wa Kungumanga. Mlango wake uligeuzwa. Mimi niliendelea kuzungumza naye kupitia ukutani, nampa habari za watu, ananicheka, ananisahihisha. Sauti ikawa inapungua. Siku moja nilimwambia jambo la kuchekesha kweli kweli, na ukuta ukanijibu kama ukuta. Watu walipopogoa, hawakumkumbuka. Ukiwaambia Nargisi wanauliza ni nini hicho, ni dawa?

Hilo ndilo lililokuwa likimpandisha Salhina sauti. Au yeye, au Faki.

Mnusaji akatokea. Safari hii alikuja akiwa mwanamke mnene mwenye viatu vya kiume. Safari iliyopita alikuwa kijana mwembamba anayetafuna ubani. Kabla ya hapo alikuwa mtu aliyefanana na marehemu mume wangu kiasi cha kunifanya nimfokee kuhusu nguo chafu. Uso hubadilika, pua ni ileile: ndefu, kavu, imeinuliwa, pua ya mtu aliyezaliwa akisikia uvundo na asimwambie mama yake. Nyuma yake walikuwa mafundi waashi na ndoo za saruji ambayo tayari imekorogwa. Daima huwa imekorogwa. Nimewahi kuwauliza wanajuaje kama kazi itakuwepo. Wakasema, "Mama, kazi ipo siku zote."

Milango ikafunguka. Wa Ndimu wakatoka, wa Nanaa, wa Kungumanga na vikombe vyao vya nusu. Ah, watu wangu! Mtu akiingia taabuni hukosi kadamnasi.

"Kichaka cha nani?"

"Changu, Mheshimiwa," akasema Salhina, na sauti yake ikawa nyembamba kama ya binti anayesomeshwa.

Mnusaji akachuma jani la mpaka mweupe, akalifikicha, akalinusa. Akatikisa kichwa kwa heshima, kama mtu aliyesikia kitu kizito mno kusikika. Kisha akachuma jani la lile tawi. Hakuwahi hata kulifikisha puani. Harufu ilitoka yenyewe, ikamwagika barazani, ikaingia kwenye kanga zetu na kwenye vinywa vya waliokuwa wakishangaa. Ilikuwa tamu, nzito, ya mtu anayerudi nyumbani na habari njema. Hata mimi nilifumba macho. Nilipoyafumbua nikawaona wa Kungumanga wote wameinamisha vikombe wakivuta hewa kama mbwa, na walipogundua tunawaona wakaanza kupiga chafya za unafiki.

"Cha chini," akasema Mnusaji, akijifuta vidole. "Ama kimerudi chenyewe, na mlango wa mwenyewe ugeuzwe. Ama kimeingiliwa, na mlango wa aliyeingilia ugeuzwe. Kuna anayejua?"

Nikasimama. "Mimi najua. Kilitoka kwa Faki tangu mwanzo. Cha Faki kiliugua weupe, huyu akakichukua, leo kimepona. Ni kichaka kimoja, Mheshimiwa. Hakuna kurudi wala kuingiliwa. Gawanya watu wako kwa kitu kingine."

Faki alinitazama kama nimemvua nguo. Salhina akatema mate chini.

"Wewe ndiye usiyepogoa," akasema Mnusaji.

"Ndiye mimi."

"Hapa tunapima harufu. Hatupimi kumbukumbu." Akanigeuzia mgongo. Mafundi wakacheka kidogo, kwa mshahara. "Mama wa Mpaka Mweupe, unamlalamikia mtu?"

"Namlalamikia huyu."

"Basi apa."

Kiapo chetu, sijui alikitunga nani, lakini aliyekitunga angekuwa rafiki yangu. Alijua kwamba kushtaki kukiwa bure, watu watashtaki toka alfajiri mpaka usingizi. Akaweka gharama. Anayeshtaki humwekea mshtakiwa mkono begani, mbele ya watu wote, akasema: Huyu kanizidi. Kanizidi akili, kanizidi mkono. Nimelala yeye yu macho. Akishayasema, kaaminiwa. Hakuna ushahidi mwingine unaotakiwa. Hayo tu.

Salhina akasogea. Akauinua mkono wake, wenye pete, akauweka kwenye bega la Faki kama mtu anayegusa samaki wa jana.

"Huyu ka..."

Akakohoa. Akaanza tena.

"Huyu kani..."

Akamtazama. Nilimwona anavyomtazama, kuanzia chini: miguu imepasuka visigino, suruali imefungwa kamba, shati limekosa kifungo pale tumboni na tumbo linachungulia, mpaka kwenye ule uso wa Faki ambao hata ukilia huonekana unataka kukopa kiberiti. Nikaona kitu kinapanda kooni kwa Salhina, na nikajua ni nini, kwa sababu nimekaa karibu na koo lile muda mrefu kuliko yeye mwenyewe. Hakikuwa huruma. Msije mkampamba. Salhina hajawahi kumhurumia mtu. Ilikuwa dharau, dharau safi isiyochanganywa na maji.

"Huyu?" akasema. Akauondoa mkono, akaufuta kwenye kanga. "Huyu anizidi mimi mkono? Huyu, anayeshindwa kufunga kifungo chake mwenyewe, achane gome la kichaka changu, achomeke, ashikishe, nisijue? Hana mkono huo. Hana akili hiyo. Hata aibu ya kujaribu hana. Sisemi!"

"Bi Salhina," nikamwambia, "sema, mama. Ni maneno tu. Mlango wako huo."

"Sisemi! Tawi limechipuka lenyewe. Langu. Kwenye kichaka changu hata uchafu hutoka kwangu mwenyewe, siletewi na jirani!"

Kadamnasi ikashusha pumzi. Mnusaji akawageukia mafundi. Na hapo ndipo, ndugu zangu, nilipoona jambo ambalo kwa umri wangu wote wa kukaa barazani sijapata kuliona. Faki alikuwa ameponyoka. Kilichobaki ni kukaa kimya. Mbuzi angekaa kimya. Kuku angekaa kimya. Lakini Faki alikuwa amesimama mdomo wazi, masikio yamemwiva.

"Sina mkono?"

"Huna," akasema Salhina.

"Mimi sina mkono? Mimi?"

"Faki," nikamwambia, "funga kinywa, mwanangu, rudi ndani."

"Haiwezekani, Bi Kidawa. Nimetukanwa mbele ya watu." Akajipiga kifua. "Nimepanda mimi! Mkono huu! Nimechana, nimechomeka, nimefunga kwa uzi, na yeye kalala anakoroma, nimemsikia! Kwa mkono huu, Mheshimiwa!"

"Mwongo!" akapiga ukelele Salhina. "Mwongo mkubwa! Hakunigusa! Kimechipuka chenyewe!"

"Nimepanda!"

"Hujapanda!"

"Unanijua mimi wewe?"

"Nakujua ndiyo maana nasema hujapanda!"

Wakawa wamesimama pua kwa pua, kila mmoja anapigania aangamie yeye. Nikawatazama na nikafikiri: labda jibu la swali langu ndilo hili. Kata tawi, panda mbali, lipe jina lingine, lipe utepe mweupe, lipe shati lisilo na kifungo, na bado ukilifikicha hutoa harufu ileile ya kiburi. Mtu mmoja, kasimama mahali pawili, anajitukana. Sikusema. Ningesema nani angesikia, watu walikuwa wakipiga makofi.

Mnusaji hakupoteza muda. "Mwenye kichaka amekiri kimerudi. Jirani amekiri ameingilia. Geuzeni yote miwili."

Mafundi wakafanya kazi. Lazima niseme ni mafundi wazuri. Tofali juu ya tofali, mwiko ukikwangua, na pale palipokuwa na mlango wa Salhina, mlango wa mbao uliopakwa mafuta aliousugua yeye mwenyewe kila siku aliyoisahau, pakawa ukuta. Upande wa pili vivyo hivyo. Walipomaliza Mnusaji akasimama katikati ya njia, akasema kwa sauti isiyopanda wala kushuka, "Hawa sasa ni watu wa Bondeni. Wazunguke kwa nyuma. Atakayewaita kwa jina, au kuwaingiza kwake, ajue mafundi hawajaondoka, na saruji imebaki."

Mitaa hukimbia haraka kuliko maji. Wa Ndimu wakaingia, wa Nanaa wakaingia, wa Kungumanga wakaingia na vikombe. Makomeo yakalia mfululizo. Waliobaki nje ni Mnusaji, mafundi wakikung'uta miko, mimi, na wale wawili.

Faki alikaa chini kwenye vumbi. Alikuwa akiutazama mkono wake, wa kulia, akiugeuza huku na huku. Salhina aliuendea ukuta. Akasimama mbele yake, mgongo umenyooka. Akainua mkono kama anayetaka kubisha hodi kwake mwenyewe, akautafuta mlango kwa macho, hakuupata, akaushusha mkono polepole. Midomo yake ilikuwa ikisogea. Nikainama kigodani nisikie. Alikuwa akilitaja jina lake mwenyewe, "Salhina, Salhina," kwa sauti ya chini, kama mtu anayejaribu kama taa bado inawaka. Safari ya tatu, au ya nne, alisita katikati yake.

Nikamkumbuka Nargisi.

Hapa sasa ndipo waandishi wengine wangeniwekea moyo wa dhahabu. Sinao. Nilimchukia Salhina na namchukia. Ameninunia muda wa vizazi. Amepita mbele ya debe langu akifunika pua. Faki naye ni mpumbavu, na mpumbavu mwenye kiburi ni hasara mara mbili. Lakini niambieni, nikiachiwa mtaa huu wa watu wanaokunywa nusu kikombe na kunuka nusu harufu, nitamsengenya nani? Nitagombana na nani? Ukuta kulia, ukuta kushoto, mimi katikati nazungumza na saruji, nasubiri inicheke. Na huyu mwenye viatu vya kiume anisimamie pale kuniambia nani aitwe na nani asiitwe? Yeye ambaye pua yake yote ile haijawahi kunusa kitu ikakipenda? Nimewaona wengi. Huyu nimemdharau kuliko wote.

Nikasimama. Nikapitia kwanza kwa Faki, nikamsukuma kwa ncha ya kiatu. "Inuka wewe. Mikono ukanawe, umekaa unaitazama tu." Akaniangalia, akawaangalia mafundi. "Nanawa wapi, Bi Kidawa?" "Kwangu, wapi pengine? Pita." Akapita, amejikunja kama anayekwepa mvua. Nikamsikia ndani akigonga sufuria, akianza kuulizia kachumbari.

Mnusaji alikuwa ameshainua kidole. Mafundi walikuwa wameshainua ndoo.

Nikakiendea kile kidole, nikakipita, nikaenda kusimama nyuma ya Salhina. Hakugeuka.

"Salhina," nikamwita. Kwa sauti. Kwa ile sauti yangu ya kuitia wageni, inayofika mpaka mtaa unapojizunguka na kurudi.

"Usiniite," akasema. "Watakuziba."

"Salhina wee!"

"Kidawa, mimi sijawahi kula kwako. Wala sitakula kwa kuhurumiwa."

"Nani akuhurumie? Nina mtu ndani hana wa kubishana naye. Keshaanza kusema mkono wake ndio ulioipika mboga."

Bega lake likashtuka. Akageuza uso nusu, macho mekundu, pua juu.

"Kasema nini?"

"Umesikia. Ingia, mwanamke, kabla hawajafika na matofali. Wali upo na mchuzi upo. Ingia, tule."